Mchoraji aliyeweka brashi kando akashika reki

Mwezi uliopita dada yangu alinijia nyumbani baada ya Alasiri, akaketi barazani, na kabla kahawa haijamiminwa akaniambia: "Kaka, wewe ndiwe mjomba wake, na wewe ndiwe msomi wetu. Nenda ukamtazame mwanao. Kazi ya bandarini ameiacha, amejifungia chumbani anamwaga marangi, na kila nikimuuliza anachora nini hunijibu kwamba hachori kitu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtia simanzi. Kijana kuacha kazi si ajabu siku hizi. Lakini kuacha kazi yenye mshahara katika afisi ya kusafirisha mizigo, ukaenda kuchora, kisha hicho uchoracho kisiwe kitu! Nikamwahidi kwamba nitakwenda na nitasema naye. Wala sitawaficha wasomaji wangu: nilikwenda na hotuba nzima nimeipanga kifuani, aya kwa aya.

Chumba chenyewe ki ghorofani, katika nyumba ya Mji wa Kale ambayo mlango wake wa chini una nakshi ya zamani. Nilipoingia, mpwa wangu akainuka upesi. "Shikamoo, mjomba." Nikaitika marahaba, nikatafuta pa kuketi nisipaone. Turubai ilikuwa imelazwa sakafuni mfano wa mkeka. Nilitarajia kuona brashi nyingi, kwani mchoraji kwa fahamu zangu ni mtu na brashi yake. Brashi zilikuwa tatu tu, ndani ya mkebe wa maziwa. Zilizotundikwa ukutani kwa misumari zilikuwa zana nyingine kabisa: mwiko wa mwashi, kipande cha msumeno, chanuo lenye meno mapana, na ule mti wenye ulimi wa mpira ambao vijana hukokotea maji sakafuni. Palikuwa na utepe wa karatasi wanaobandika mafundi wa kupaka magari rangi, na chupa ya kunyunyizia maji kama ya kinyozi. Nikadhani nimekosea mlango nikaingia kwa seremala.

Hotuba yangu ilihitaji pa kuanzia, basi nikauliza, "Katika takataka zote hizi, kipi ukipendacho zaidi?"

Akaanza na rangi, nami nilielewa upesi kuliko alivyodhani, kwa sababu sisi tuliosoma chuoni zamani tulijitengenezea wino. Tulikomba masizi ya sufuria, tukayachanganya na sumughu na maji, tukachonga kalamu ya mtete, tukaandika ubaoni. Rangi za dunia nzima hazizidi hapo: ni vumbi na gundi. Mafundi wa Ulaya waliotumia rangi za mafuta walichukua vumbi lilo hilo wakalitia katika mafuta ya kitani. Rangi ya akriliki, ambayo ndiyo anayoitumia mpwa wangu, gundi yake ni plastiki iliyosagika ikawa matone madogo mno yanayoelea ndani ya maji. Ukiifungua hiyo gundi peke yake ni nyeupe kama tui. Maji yakisharuka, matone hushikana yakawa ngozi moja iliyo safi kama kioo. Ndiyo maana rangi hii ikiwa mbichi huonekana imepauka, na ikikauka hukoza, na mwanafunzi asiyejua hilo hulia siku ya pili.

Rangi hizi si za kale. Wachoraji walianza kuuziwa akriliki ya kuchanganya na maji katika miaka ya 1950 huko Marekani, na kampuni moja ya mji wa Cincinnati iliitoa ya kwake, Liquitex, mnamo 1955. Rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka, na ikiwa nzito, miezi. Akriliki ni dakika. Katika joto letu la kaskazi, akaniambia, ukigeuka kumjibu mama aliyekuita chini, unarudi unakuta imekwisha kukauka. Basi ndiyo kazi ya ile chupa ya kinyozi, na ndiyo sababu sahani yake ya rangi ni sinia aliyoitandika kitambaa kibichi, juu yake karatasi ya kuokea mikate, ili rangi inywe umande kutoka chini.

Jambo moja lilinigusa. Wino wetu wa chuoni ulikuwa mali ya maji tangu mwanzo hata mwisho: ubao ukijaa tuliuosha, na zafarani ya kombe huoshwa kwa maji ya waridi mgonjwa akanywa. Akriliki huzaliwa ndani ya maji, lakini ikisha kukauka maji hayana tena haki nayo. Brashi iliyosahauliwa usiku mmoja huwa kijiti.

"Lakini nikipendacho zaidi, mjomba, ni hiki," akasema, akavuta kutoka nyuma ya mlango ubao mrefu kama futi sita, umepigiliwa mti katikati kama reki ya kukusanyia majani, na chini yake umetiwa ulimi wa mpira. Nikamuuliza nani aliyemfundisha wazimu huo. Akanionyesha picha za kazi ya marehemu Jack Whitten.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1939 katika mji wa Bessemer, jimbo la Alabama, siku ambazo mtu mweusi huko Kusini mwa Marekani hakuwa na ruhusa ya kuketi apendapo. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, mama yake mshoni. Alikwenda Tuskegee akakusudia kuwa daktari, akaacha, akaenda Baton Rouge kusoma sanaa. Huko akaandamana na wenziwe kudai haki, akaona chuki iliyomshinda kuvumilia, na mwaka 1960 akakimbilia New York akajiunga na shule ya Cooper Union. Na alipotoka huko alikula kwa jasho la useremala. Msomaji alishike hilo la useremala, kwa kuwa ndilo lililomfungulia.

Katika miaka ya 1960 wachoraji wakubwa wa New York walikuwa wakisifiwa kwa mpigo wa brashi, kila mmoja na mkono wake, kama tunavyomjua mwandishi wa hati kwa kunyoosha alifu yake. Whitten aliona kwamba akishika brashi atakuwa akiandika kwa mkono wa watu. Mnamo 1970 hivi akaiweka kando. Akajenga jukwaa la mbao sakafuni, akalaza turubai juu yake, na kwa mikono yake ya kiseremala akaunda chombo cha upana wa futi 12, mfano wa reki. Alikiita kwa jina la ile dawa ya kusafishia picha za kamera, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuitoa picha iliyojificha. Alimimina akriliki tabaka juu ya tabaka, akaziacha zikauke kwa kadiri mbalimbali, kisha akalivuta lile dude mara moja kutoka upande huu hadi ule. Yaliyokuwa chini yakapanda juu. Picha nzima ikazaliwa katika kufumba na kufumbua, baada ya siku za matayarisho.

Chini ya turubai alizoea kuficha waya na vijiwe vyembamba, ili ulimi ukipita hapo uteleze na uache alama. Pahali pa mpira alijaribu misumeno, alijaribu hata machanuo ya nywele za watu weusi, yale yale tuyajuayo sisi. Mwaka 1974 jumba la Whitney la New York lilimfanyia maonyesho. Mjerumani Gerhard Richter, ambaye jina lake limevuma dunia nzima kwa picha za kukokota rangi, alizidi kujulikana kwa njia hiyo katika miaka ya 1980. Whitten alikuwa amelivuta reki lake tangu muongo mmoja nyuma, na waliomjua walikuwa wachache. Heshima ilimjia uzeeni: alifariki mwaka 2018, miaka miwili baada ya Rais Obama kumvisha nishani ya taifa ya sanaa, na mwaka 2025 ndipo jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York lilipoitandaza kazi ya maisha yake yote.

Si kila alichokifanya kilichoniingia. Ziko picha zake nyeusi na nyeupe za kati ya miaka ya 1970, alizoziita kwa herufi za Kigiriki, ambazo kwangu mimi ni kama kutazama chujio. Lakini zile za mwisho, hata katika kioo kidogo cha simu, zilininyamazisha. Aliimimina akriliki ikakauka, akaibambua, akaikata vipande vidogo kama vijiwe vya kupambia kuta, akavipanga kimoja kimoja juu ya turubai. Rangi ikawa tofali. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa karibu na nyumba yake New York akaona kwa macho yake minara ikipigwa. Picha aliyoifanya kwa ajili ya siku hiyo aliimaliza mwaka 2006, na ndani ya rangi yake alitia majivu.

Hapo nikaikumbuka hotuba yangu. Nikasema, "Haya, huyo ana misiba yake ya kusimulia. Wewe mama yako akuuliza unachora nini."

Akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Mjomba, ile nakshi ya mlango wa chini, yale mawimbi yanayozunguka fremu, ni picha ya nini?"

Nimepita chini ya mlango ule tangu nina miaka saba. Tulikatazwa chuoni kuchora chenye roho, na mikono ya mafundi wetu ikaenda katika hati, katika plasta, katika mbao, na hakuna aliyesimama mlangoni akadai aonyeshwe sura ya mtu ndipo aingie. Nikamjibu kwamba nakshi ina hesabu yake na fundi hufunzwa miaka. Akasema hilo halina shaka, na ndilo analolitafuta. Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa reki, kwani ubao ulikuwa mrefu na msaidizi hana.

Nikavua viatu. Tabaka tatu zilikuwa tayari, ya juu nyeupe. Akahesabu, tukavuta pamoja kwa mwendo mmoja, naye akinihimiza nisisite, kwani ukisita huacha kovu. Chini ya nyeupe ikatokea buluu ya maji ya kina kirefu, ikiwa na mishipa ya kutu, na pale alipoficha waya ukapita mstari mwembamba uliotetemeka. Moyo wangu ulikwenda mbio. Lakini pembeni, karibu na dirisha, upepo ulikuwa umeiwahi rangi ikaanza kukauka, na ulimi wa mpira ukaipasua kama ukoko wa wali. Mpwa wangu akafyonza. "Hii imekwenda," akasema, akapiga magoti kuanza kuibambua pole pole, vipande akavitia katika mkebe wenye vingine vingi atakavyokuja kuvikata.

Nilitoka magharibi ikiadhiniwa, na hotuba yangu ningali nayo nzima. Msikitini, nilipokuwa nikitawadha, nikaona tone la buluu kwenye mkono wa kanzu. Nikalisugua kwa maji mara tatu. Asubuhi yake nikampa dobi, akalikwaruza kwa ukucha, akanirudishia kanzu ilivyo.

Dada yangu alikuja Ijumaa. "Umemwambia?" akauliza, kisha akaushika mkono wa kanzu yangu akaugeuza kwenye mwanga.