Upele wa Majani: Kabla ya Dawa, Sabuni

Ikiwa una shamba Kisii au Nyamira, bila shaka unaijua thabai. Huota penye unyevu, kando ya ua na karibu na mto. Mtoto aliyetumwa kukata majani ya ng'ombe akiigusa, utamsikia kabla ya kumwona. Ngozi humwasha, humuuma na kutoka vipele, naye mama hukimbilia jani la kumsugua. Wengine hutumia shubiri, wengine jani lolote lenye maji waliloonyeshwa na nyanya. Baada ya saa chache mtoto anacheza, na jani lile linapata sifa kijiji kizima.

Je, ni jani kweli lililomponya?

Thabai ina vinyweleo vilivyo wazi ndani kama sindano. Ukivigusa, ncha huvunjika na kuacha ngozini maji yenye kemikali ziwashazo, mojawapo ikiwa histamini. Mwili huziondoa wenyewe, mara nyingi katika muda wa saa chache. Kwa hiyo jani lolote utakalopaka litaonekana limeponya! Si kusema kwamba halina faida hata kidogo. Ute baridi wa shubiri hupoza ngozi, lakini utomvu wake mchungu wa manjano, ulio chini ya ganda, waweza kuiwasha zaidi. Na kusugua huvizamisha vinyweleo vilivyosalia.

Ili kujua ukweli, yafaa jani lipimwe pamoja na kitu kingine, kwa upele wa aina moja. Kazi hiyo imefanywa Marekani, nayo inawahusu watu wetu pia, kwani Wakisii wengi wanaishi katika jimbo la Minnesota, ambako huota mtambaazi mbaya uitwao poizoni aivi.

Mtambaazi huo hauchomi kama thabai. Una mafuta yaitwayo urushioli, ambayo hunata ngozini kimyakimya. Upele wenye malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, na waweza kukaa wiki mbili au tatu. Wenyeji wa asili wa Amerika wana dawa yao ya jadi: mmea wa kando ya vijito, wenye maua ya rangi ya chungwa, ambao wataalamu huuita Impatiens capensis. Huupondaponda na kujipaka.

Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo ya kupaka maji yaliyokamuliwa kutoka mmea huo kwenye upele. Hayakusaidia. Mwaka 2012 wengine walijaribu kuzuia upele kabla haujatoka, mara tu baada ya ngozi kupakwa poizoni aivi. Safari hii majani yaliyopondwa yalipunguza upele, lakini sabuni ilifanya vizuri zaidi. Mwaka 2015 walieleza sababu: mmea huo una saponini, kemikali zitoazo povu kama sabuni.

Umeona, msomaji? Wazee wale hawakudanganya. Jani lao lilikuwa likiosha mafuta ya sumu. Lakini lilifaa likiwahi. Upele ukishatoka, jani limechelewa.

Usidhani jambo hili liko mbali nawe. Mwembe na mkorosho ni jamaa ya poizoni aivi, na utomvu wa ganda la embe una mafuta yanayofanana na urushioli. Mtoto anayetoka vipele mdomoni kila msimu wa maembe, mmenyee embe lake, na umwoshe mdomo na mikono.

Basi ufanyeje? Mtoto akiguswa na thabai, usimsugue. Mwoshe kwa maji na sabuni, kisha umwekee kitambaa chenye maji baridi. Vinyweleo vikionekana, vibandue kwa utepe wa gundi. Ukitaka kumpaka ute safi wa shubiri baadaye ili kumpoza, jaribu kwanza mahali padogo.

Kwa ndugu aliye Minnesota, hakuna haja ya kumtumia mizizi wala unga. Mwambie anawe kwa sabuni mara moja, afue nguo alizovaa, wala asichome mmea huo, kwa maana moshi wake hudhuru mapafu. Upele ukishatoka, losheni ya kalamini hupunguza kuwasha.

Lakini mtu akivimba uso au midomo, akashindwa kupumua vizuri, au upele ukitoa usaha na homa kupanda, usipoteze muda kutafuta jani. Mpeleke hospitali saa ileile. Kipande cha sabuni hakikosekani nyumbani; kitumie kwanza.