Utupa: Upande, Lakini Ujaribu Kwanza

Vikundi vingi vinatafuta dawa ya wadudu wa maharagwe isiyohitaji pesa mfukoni. Utupa unaweza kutusaidia. Ni mmea wa hapa hapa kwetu Afrika, unarefuka mita 2 hadi 3, na maua yake ni meupe au ya zambarau. Wazee waliujua kwa uvuvi: majani yalitwangwa, yakatiwa mtoni, samaki wakaelea. Hiyo kazi tuiache. Ni kinyume cha sheria, na sumu haichagui samaki mkubwa na vifaranga.

Kuupanda si taabu. Loweka mbegu usiku mmoja, zipande mvua ikianza, 2 au 3 kila shimo, na uache kama hatua moja kati ya mashimo. Palilia vizuri miezi ya kwanza, kwa maana mwanzo hukua polepole. Mahali pa maji kutuama haupendi. Unarutubisha udongo kama mimea mingi ya jamii ya kunde. Ukichuma majani usiukate hadi chini, utakufa. Hata ukiutunza, baada ya miaka 2 au 3 umezeeka.

Sasa shida iko hapa. Kuna utupa wenye sumu ya wadudu na kuna usio nayo, na kuutazama tu hakutoshi. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba huko Malawi karibu robo ya utupa uliopimwa haukuwa na dawa. Ndiyo sababu mwingine anausifu na jirani yake anasema ni bure!

Kabla ya kugawana mbegu, fanyeni hivi. Kausheni majani kivulini, myatwange, mkifunika pua. Chukueni mikebe miwili ya maharagwe yenye wadudu hai. Mmoja mtie unga huo, mwingine msitie. Funikeni kwa kitambaa. Baada ya siku 4 hesabuni walio hai. Kama hakuna tofauti, huo utupa ni mbolea tu.

Ukifaa, loweka kilo 1 ya unga katika lita 10 za maji siku nzima, chuja, tia sabuni kidogo. Kipimo hiki kimejaribiwa kwa maharagwe kaskazini mwa Tanzania. Nyunyizia jioni, maana jua huimaliza nguvu, na nyuki watakuwa wamerudi mzingani. Ndoo usiioshee mtoni wala karibu na bwawa la samaki.

Mbegu za kikundi zichumwe kwenye mmea ulioshinda jaribio pekee, maganda yakishakuwa ya kahawia lakini kabla hayajapasuka.