Asubuhi Ndege Zilipotoka Baharini

Ndugu msomaji, wewe uishiye Shinyanga au Geita, ndege uzionazo angani ni zile ziendazo Mwanza au migodini, nazo huruka ardhini na kutua ardhini. Lakini mwezi Januari 1964 ndege za kivita ziliruka kutoka juu ya manowari zikaingia katika historia ya nchi yetu, na mkasa huo ulifika hata Tabora, jirani yetu wa reli.

Tarehe 20 ya mwezi huo, askari wa Kikosi cha Kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai nyongeza ya mshahara, na maofisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Kesho yake wenzao wa Kikosi cha Pili, Tabora, wakawafuata. Uhuru wetu ulikuwa na umri wa miaka miwili tu. Serikali ikalazimika kuomba msaada kwa mtawala wa jana.

Manowari Centaur, yenye kubeba ndege, ilikuwa imekwisha fika karibu na pwani kutoka Aden. Alfajiri ya tarehe 25, helikopta zake ziliwashusha makomandoo kambini, huku manowari ya pili, Cambrian, ikipiga mizinga ili kuwababaisha waasi. Ndege za kivita aina ya Sea Vixen zikapita angani kwa kishindo. Askari wachache wa Tanganyika walipoteza maisha; waliobaki wakaweka silaha chini. Huko Tabora nako maasi yakazimwa.

Kazi ya marubani wale haikuwa ya mchezo. Sea Vixen ilichukua watu wawili: rubani alikaa juu upande wa kushoto, na mwenzake wa rada alikaa chini kulia, katika shimo lenye giza. Mtambo wa mvuke uliirusha ndege kutoka sitahani. Wakati wa kurudi, ndoana ya mkiani ilipaswa kunasa waya, la sivyo bahari ilikuwa inangoja. Ndege 145 za aina hiyo ziliundwa, na zaidi ya theluthi moja zilipotea katika ajali. Si ajabu basi kwamba Waingereza wanazienzi. Ya mwisho iliyokuwa ikiruka ilitua kwa tumbo mwaka 1017 + 1000, yaani 2017, na rubani wake akasalimika.

Je, sisi tunakumbuka nini? Mwalimu Nyerere hakuificha aibu ya kuomba msaada ule. Mwezi Februari aliwaita Dar es Salaam mawaziri wa nchi huru za Afrika, na baadaye askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, chini ya Mrisho Sarakikya, aliyekuwa Tabora wakati wa maasi. Kambi ya Colito nayo ikaitwa Lugalo, kwa heshima ya ushindi wa Wahehe wa mwaka 1891.

Hayo yameandikwa. Ambayo hayakuandikwa ni ya mke wa askari aliyejifungia ndani na watoto, ya mpishi wa kambi, na ya mfanyakazi wa reli aliyezipokea habari stesheni. Rubani aliiona nchi yetu kwa dakika chache kutoka juu. Hawa waliishi ndani yake.

Aliyekuwa na miaka ishirini siku ile, leo amepita themanini. Mzazi mwenzangu, jioni ya leo waketishe watoto karibu na babu au bibi, umwulize alikuwa wapi Januari ile, kisha uandike. Tukinyamaza, watakaosimulia asubuhi ile ni wale walioitazama kutoka angani peke yao.