Haidrojeni inafungika ndani ya barafu, ila si kwa jiko lako bado

Mkakati wa serikali unataka ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwa kaya nyingi za Gongoni, Manispaa ya Tabora, maana yake ni kuacha mkaa na kushika mtungi wa gesi. Haidrojeni nayo inasifiwa kuwa gesi safi zaidi, kwa kuwa ikiungua haitoi moshi wala hewa ya ukaa, inaacha mvuke wa maji tu. Sasa mbona haiuzwi kwenye mitungi?

Shida ni kuihifadhi

Gesi ya kupikia ina tabia nzuri: ikibanwa kidogo tu inageuka kimiminika. Ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia inacheza ndani.

Haidrojeni haikubali hivyo. Kuwa kimiminika inahitaji baridi ya nyuzi -253. Usipoigandisha, lazima uibane sana: matangi ya magari ya haidrojeni hufika presha mara 700 ya hewa ya kawaida. Tangi la namna hiyo ni ghali, na si la kuweka jikoni.

Vizimba vya maji

Hapo ndipo wanasayansi wakageukia barafu. Maji yakiganda pamoja na gesi kwenye presha kubwa, molekuli zake hujipanga kama vizimba vidogo na kuifungia gesi ndani, mfano wa samaki kwenye vizimba vya Ziwa Victoria. Barafu hiyo huitwa klathreti. Ukiipasha joto inayeyuka, gesi inatoka, maji yanabaki. Faida yake ni kwamba gesi haitoki yote kwa mpigo.

Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani, akiwemo Wendy Mao, walionyesha kuwa vizimba hivyo vinabeba haidrojeni isiyozidi asilimia 5 hivi ya uzito. Lakini kuitengeneza barafu hiyo kulihitaji presha mara 2,000 ya hewa ya kawaida.

Mwaka 2004 ikapatikana njia nafuu. Walichanganya maji na kimiminika kiitwacho tetrahaidrofurani, presha ikashuka hadi mara 50 tu, kwenye nyuzi 6 hivi, baridi ya friji ya kawaida. Tatizo: kimiminika hicho kinachukua vizimba vikubwa, haidrojeni ikabaki na vile vidogo. Ikashuka hadi asilimia 1 hivi.

Piga hesabu ya mtungi mdogo

Kilo 1 ya haidrojeni ina nishati sawa na kilo 2.6 hivi za gesi ya kupikia. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ungehitaji haidrojeni kilo 2.3 tu. Ikiachwa bila kubanwa, hiyo inajaza chumba cha mita 3 kila upande.

Ukiifunga kwenye barafu yenye asilimia 1, utabeba kilo 230, zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Tena barafu yenyewe lazima ikae kwenye baridi na presha muda wote, umeme ukatike usikatike.

Utafiti unaendelea kutafuta mchanganyiko utakaobeba gesi nyingi kwa presha ndogo. Mpaka upatikane, anayetaka kuachana na mkaa Gongoni asisubiri haidrojeni. Chaguo lake leo ni mtungi wa kawaida au jiko la umeme.