Mama anarudi kazini, mtoto anyonye nini?



Mama mzazi wa Mwenge huamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Atanyonyesha, atafua nepi za usiku, atabandika chai, atamwogesha mtoto, kisha atatoka mbio kugombea daladala. Mtoto anabaki na bibi au dada wa kazi. Hapo ndipo penye mtihani.

Mama mmoja wa namna hiyo aliniletea mtoto wa miezi mitatu anayeharisha, macho yameingia ndani. Nikamuuliza, "Mama, mchana anapewa nini?" Akanijibu, "Dokta, anapewa uji mwepesi. Maziwa yangu hayatoshi, na kazini nimesharudi." Alhamdulillahi, mtoto yule alipona. Lakini si kila mtoto anawahishwa.

Watu huwa wepesi wa kumlaumu mama. Mimi nasema tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2001, linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, yaani siku kama 180. Kati ya 84 na 180 pana pengo la miezi mitatu. Na aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyoruhusu, pengo lake ni kubwa zaidi. Uji mwepesi hupita katika pengo hilo.

Ubaya wa uji huo ni upi? Kwanza, maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, hivyo mtoto wa umri huo hahitaji hata maji ya kunywa, pamoja na joto letu la Dar es Salaam. Pili, maji na chupa ni njia rahisi ya vijidudu vya kuharisha. Tatu, mtoto aliyeshiba uji hanyonyi vizuri, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Kwa hiyo mama anayesema maziwa hayatoshi, mara nyingi uji wenyewe ndio unaoyapunguza.

Basi mama afanye nini?

Kwanza, aijue haki yake. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Wengi hawaijui ruhusa hii. Sheria haimfikii mama lishe wala mwenye genge lake. Huyo, akiweza, akae na mtoto wake kivulini na amnyonyeshe kila anapotaka.

Pili, akamue maziwa. Anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, akamulie katika chombo chenye mfuniko kilichooshwa na kuchemshwa. Maziwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye friji yanafaa hadi siku nne. Yasichemshwe: chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha.

Tatu, anyonyeshe kabla ya kutoka, mara tu anaporudi, na usiku kucha mtoto anapohitaji.

Atajuaje kuwa anashiba? Mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki hupanda. Kwa kawaida uzito wa kuzaliwa huwa maradufu mtoto afikapo miezi mitano hivi. Akishindwa kunyonya, akipata homa, degedege au kuharisha, awahishwe kituo cha afya.

Nimalizie kwa kina baba. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na wengi wetu tunaikumbuka sehemu hiyo tu. Aya hiyo hiyo imemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Mama asiyekula vizuri, anayeteka maji na kufua peke yake baada ya kutoka kazini, tunamdai maziwa kutoka wapi? Baba akileta samaki na mchicha, akapokea ndoo, na akamweleza bibi kwa adabu kwamba mtoto asipewe uji kwa sasa, naye atakuwa ameshiriki kunyonyesha.

Wabillahi tawfiq.