Mwani kwa Samaki: Soko Lipo, Tani Hazipo

Mfugaji wa sato mwenye vizimba Ziwa Victoria anajua fedha yake inakoishia: kwenye chakula. Zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji humezwa humo, na chakula bora kingi huagizwa kutoka nje. Wakati huohuo Zanzibar inakausha mwani, inaujaza kwenye magunia na kuusafirisha ukiwa ghafi. Kwa nini basi mwani usiishie tumboni mwa sato?

Wazo ni zuri, lakini hesabu zake zinahitaji utulivu. Watengenezaji wa chakula hawatafuti mwani wenyewe bali dondoo yake, yaani zile sukari ndefu kama karajinani zinazochochea kinga ya mwili. Katika majaribio kadhaa, samaki waliolishwa dondoo za mwani walistahimili zaidi bakteria wa Aeromonas, ambao mfugaji angewakimbizia antibiotiki. Ila kipimo chake ni kidogo: kilo chache kwa tani moja ya chakula. Ukisaga mwani mkavu na kuujaza kwenye mchanganyiko, chumvi huzidi, sukari zile hazimeng'enyeki vizuri, na samaki hudumaa. Protini itaendelea kutoka kwa dagaa na soya. Anayewaahidi wakulima kwamba vizimba vitamaliza magunia yao anawapa matumaini hewa.

Fedha iko kwenye kuchuja dondoo hiyo. Tangu kilimo cha biashara kianze Unguja mwaka 1989, wanawake, ambao ndio wengi, wameshuka baharini kila bamvua, wakifunga miche kwa kamba za taitai na kuvuna baada ya wiki sita hivi. Kilo saba hadi kumi mbichi hutoa moja kavu, na kwa miaka mingi kilo hiyo ya mwani aina ya spinosamu haikufika shilingi 1,000. Aina ya kotoni hulipa zaidi, lakini hufa maji yanapopata joto. Spinosamu nayo ina karajinani yake, kwa hiyo haina sababu ya kudharauliwa. Bretagne, Ufaransa, kampuni ya Olmix hugeuza mwani wa kijani kuwa viongeza vya chakula cha mifugo. Hapo thamani inabaki kwa mchujaji.

Wenye viwanda vya chakula Mwanza na Dar es Salaam waanze na shehena ndogo ya dondoo, wailinganishe kizimba kwa kizimba kabla ya kutangaza lolote. Nanyi wakulima, anikeni kwenye chanja: mwani wenye mchanga hauchujiki vizuri, na mnunuzi atakata bei.