Kutazama Filamu kwa Nguvu za Kukopa

Kwenda kutazama filamu huhesabiwa miongoni mwa starehe nyepesi kabisa, kwa kuwa mtazamaji huketi tu, akaangalia na kusikiliza, lakini kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa uchovu sugu starehe hiyo hudai nguvu nyingi kuliko inavyoonekana, na deni lake aghalabu hulipwa kitandani kesho yake au kesho kutwa. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo kwa kuangalia maisha ya mtaa kama Kaptembwo, ulioko magharibi mwa jiji la Nakuru, ambako kwa wakazi wengi jumba la sinema lililo karibu ni kibanda cha video, kisha yanaonyesha namna mgonjwa, jamaa zake na wenye vibanda wanavyoweza kuipunguza gharama hiyo.

Uchovu unaozungumziwa hapa si ule wa mtu aliyeshinda kwenye kazi ya mjengo au aliyekesha akimlea mtoto, ambao huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja au miwili. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilieleza kwamba mgonjwa hutambuliwa kwa kupungukiwa mno na uwezo wa kufanya shughuli zake za awali kwa muda unaozidi miezi 6, huku akiwa na uchovu mzito usioondolewa na mapumziko. Hutambuliwa pia kwa hali yake kuzorota kila anapojishughulisha kupita kiasi anachokimudu, kwa usingizi usioburudisha, na kwa angalau moja kati ya mambo mawili, yaani ukungu wa akili, ambao humfanya asahau na ashindwe kufuatilia mazungumzo, au mwili kushindwa kustahimili kukaa wima. Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa Royal Free Hospital jijini London waliugua kwa pamoja hata hospitali ikafungwa kwa muda, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi ya virusi, na tangu mwaka 2020 madaktari wameona dalili zilezile kwa baadhi ya watu waliougua Covid-19 wasirudie hali yao ya zamani.

Kwa kuwa hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuuthibitisha ugonjwa huu, daktari huanza kwa kuondoa magonjwa mengine yanayochosha mwili kwa namna inayofanana nao, na mengi kati ya hayo yana tiba. Upungufu wa damu, kisukari, kasoro za tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU, sonona, na pia brusela, ugonjwa unaopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa na ambao wafugaji wa Bonde la Ufa wanaufahamu vyema, yote yanapaswa kuchunguzwa kwanza, iwe katika zahanati ya mtaani au katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wenyeji wengi wa Nakuru bado huiita kwa jina lake la zamani, PGH. Mtu asijipe jina la ugonjwa huu kabla ya vipimo hivyo, wala asikubali kuambiwa kwamba haumwi kwa sababu tu vipimo havikuonyesha kitu.

Alama kuu ya ugonjwa wenyewe ni anguko la baada ya shughuli, yaani kuzorota kwa dalili zote kunakofuata kazi ya mwili, ya akili au hata msisimko wa moyo, na ambako kwa kawaida hujitokeza saa 12 hadi 48 baadaye, kisha kukaendelea kwa siku kadhaa au hata wiki. Hali hiyo inafanana na mkopo wa muda wa maongezi uitwao Okoa Jahazi, ambapo mteja huendelea kupiga simu kana kwamba hana upungufu wowote, kumbe muda wa maongezi atakaonunua baadaye utakatwa deni pamoja na ada yake. Kuchelewa huko ndiko kunakowapotosha watazamaji wa nje, kwani jirani aliyemwona mgonjwa akicheka mbele ya skrini siku ya Jumamosi huwa hayupo Jumatatu, wakati mgonjwa huyohuyo anaposhindwa kuinua kikombe cha chai, na kwa sababu hiyo jirani huhitimisha kwamba ugonjwa ni wa kusingizia.

Filamu humtoza mgonjwa kwa njia nne kwa wakati mmoja. Macho hupambana na mwanga unaobadilika ghafla gizani, masikio hupokea milipuko na muziki mzito ilhali wagonjwa wengi hawastahimili kelele, akili hulazimika kukumbuka majina ya wahusika na mfuatano wa visa kwa takribani saa 2, na mwili nao hutakiwa kukaa wima muda wote huo. Jambo hili la mwisho husahaulika kwa urahisi, kwa sababu watu wenye afya hudhani kwamba kuketi ni kupumzika, lakini kwa wagonjwa wengi damu hujikusanya miguuni wanaposimama au wanapokaa miguu ikining'inia, na moyo hulazimika kwenda mbio ili kuipandisha kichwani. Miongoni mwao wapo watu wazima ambao mapigo ya moyo wao huongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 za kusimama, wakaona kizunguzungu na kichefuchefu ingawa hawajafanya kazi yoyote.

Hesabu hiyo huanza kabla ya filamu yenyewe. Mkazi wa chumba kimoja katika ploti huwa ametumia sehemu ya nguvu za siku kabla ya kufika barabarani, kwa kuwa maji huchotwa kwenye mfereji wa pamoja na kubebwa katika mtungi wa lita 20, choo kinachotumiwa na wapangaji wengi hungojewa kwa zamu, na usingizi wa mchana hukatizwa na redio za majirani na vipaza sauti vya ibada. Anapofika kwenye kibanda hukuta, kama ilivyo desturi ya vibanda vingi nchini Kenya, paa la mabati lililokusanya joto la jua, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo yaliyopangwa yakikaribiana, televisheni au projekta mbele, na spika zinazosikika hadi nje, kwa sababu sauti hiyo ndiyo tangazo linalowaita wateja. Benchi lisilo na mgongo humlazimu kujishikilia kwa misuli tangu mwanzo hadi mwisho, na akiketi katikati ya safu, kutoka kwake kunamaanisha kuwanyanyua watu na kusikia manung'uniko yao.

Kibanda hichohicho, hata hivyo, kina faida ambayo jumba kubwa la sinema halina. Kiko karibu, kiingilio chake ni kidogo, na mtu anayeondoka katikati ya filamu hapotezi fedha nyingi. Zaidi ya hayo, filamu nyingi za kigeni huonyeshwa humo zikiwa na masimulizi ya Kiswahili na Sheng, sanaa iliyompatia DJ Afro umaarufu nchini Kenya, na masimulizi hayo humpunguzia mgonjwa kazi ya kusoma maandishi au kufuatilia lugha ya kigeni, kwani msimulizi humkumbusha kila mara nani ni nani na kisa kimefika wapi. Tatizo ni kwamba sauti ya msimulizi hupandishwa juu ya mlio wa risasi, hivyo kile kinachoisaidia akili huweza kuyaumiza masikio.

Njia ambayo wagonjwa na wataalamu wanaikubali zaidi ni kujipimia, yaani kupanga shughuli zote zibaki ndani ya kiwango cha nguvu kilichopo badala ya kujisukuma hadi kuanguka. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliondoa mwaka 2021 pendekezo la kuwapa wagonjwa hawa mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua bila kujali dalili zao, na ikaliweka jambo hili la kujipimia katika nafasi ya mbele. Kwa mtazamaji wa Kaptembwo, kujipimia kunamaanisha kuihesabu filamu kuwa shughuli ya siku 3: siku moja ya kupumzika kabla, siku ya filamu ambayo haina kufua wala safari ya sokoni, na siku moja baada yake iliyoachwa wazi. Humaanisha pia kuchagua siku ya kazi badala ya wikendi, ambapo mpira wa Uingereza huvijaza vibanda, kuketi pembeni karibu na mlango ambako ukuta unaweza kuegemewa, kubeba maji na vizibo vya masikio, kuvaa kofia yenye ukingo, kupanda boda boda wakati wa kurudi hata kama ni karibu, na kutoka mara dalili za kwanza zinapojitokeza, kabla mwili haujalazimisha.

Wapo wanaouliza kwa nini mgonjwa asibaki nyumbani, ilhali muvi huwekwa kwenye flashi kwa shilingi chache na huweza kusimamishwa kila baada ya dakika 20. Njia hiyo ni nzuri, na kwa wagonjwa waliozidiwa ndiyo pekee inayowezekana, lakini haiondoi upweke, ambao ni mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Mmarekani Jennifer Brea, aliyeongoza sehemu kubwa ya filamu yake ya hali halisi Unrest akiwa kitandani kwa ugonjwa huuhuu, aliitoa mwaka 2017 na kuuonyesha ulimwengu jinsi mtu anavyoweza kutoweka kwenye jamii akiwa hai. Nchini Kenya, filamu ya Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, inamhusu mtoto mwenye ugonjwa tofauti, usiopona, anayependa filamu za mashujaa, na ambaye kijiji kizima kinashirikiana kumtimizia ndoto yake. Filamu hizo mbili zinathibitisha kwamba mgonjwa huhitaji watu kama anavyohitaji dawa.

Wenye vibanda wanaweza kufanya mengi bila gharama kubwa. Baadhi ya majumba ya sinema ya Uingereza na Marekani huwa na maonyesho tulivu, ambamo sauti hupunguzwa, taa hazizimwi kabisa, na watazamaji huruhusiwa kuinuka na kutoka watakapo. Yalianzishwa hasa kwa ajili ya watu wenye usonji, lakini yanawafaa wengine wengi. Onyesho moja la namna hiyo kwa wiki, pamoja na kiti kimoja chenye mgongo karibu na mlango, lingeweza kumrudishia mgonjwa nafasi yake mtaani. Sauti yenyewe inapaswa kuangaliwa kwa faida ya kila mtu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia inayofaa katika maeneo yote, na ulemavu usioonekana kwa macho usiachwe nje ya maana ya haki hiyo.

Jamaa na marafiki, kwa upande wao, wanaombwa mambo mawili tu: wamwamini mgonjwa anaposema amefika mwisho wa nguvu zake, hata kama filamu haijafika mwisho wake, na waendelee kumwalika hata baada ya kukataa mara nyingi. Uchovu huu si uvivu wala deko, na mtu asiyeweza kutembea na wenzake kila siku bado anastahili kuitwa siku ambayo anaweza.